Supu ya Mgonjwa

Kama kusema uwongo kungekuwa somo, Time binti Abdulsamad angelifeli na hilo pia, maana wa kwake wa asubuhi ile aliusema vibaya, tena akauongezea maneno ambayo hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa anakatiza sokoni Walthamstow, huko London, kwenda stesheni, begi mgongoni kama mtoto wa darasa la tano, na mwenyewe ana miaka arubaini na saba. Kwenye meza ya mboga akakuta amesimama Bi Zuwena, mkubwa wa kundi la kina mama wa Kizanzibari, anaminyaminya mabilingani huku mwenye meza anamtazama kwa huzuni.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Mwalimu wetu! Wendapi na begi hilo saa hizi? Si ushamaliza kusoma wewe?"

Neno hilo "Mwalimu" lilimchoma Time kweli kweli. Mwezi mmoja nyuma kina mama hao walikuwa wamejazana sebuleni kwake, wakamfukiza udi, wakamvisha kanga mpya, wakala halwa sinia mbili na kumpigia vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Msomi wao amemaliza chuo kikuu, Septemba anakwenda kusomea ualimu wa hesabu. Time aliwaacha washerehekee, na matokeo hayajatoka. Yalipotoka, masomo yote alikuwa amepita isipokuwa moja, ile milinganyo ya difarensho, ambayo alipata thelathini na moja kati ya mia. Kupasi ni arubaini. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya mwisho: kozi ya kiangazi, wiki nne, kisha mtihani. Akifeli, shahada hana na nafasi ya ualimu hana. Na halwa watu washaila, hairudi.

"Nakwenda kumwangalia mgonjwa," Time akasema.

Hapo angelinyamaza, yangekwisha. Kazi yake ni kutunza wazee, na ulimwengu mzima unajua. Lakini ulimi wake una mbio kuliko akili yake, nao ukaendelea peke yake: "Bibi mmoja wa kwetu, mtu wa Unguja. Hana mtu, masikini."

Bi Zuwena akaliweka bilingani chini. "Wa kwetu? Mgonjwa? Hana mtu, na sisi tupo?"

"Si mgonjwa sana..."

"Wewe ushasema hana mtu! Anakula nini?"

"Anakula... anakula kidogo kidogo."

"Basi Alhamisi n'takuletea supu umpelekee. Supu ya mbuzi, ya mifupa. Ataamka mwenyewe kitandani, utaona."

Time akashukuru, akajipigia mbio kwenye treni. Alipokaa akafungua daftari lake la difarensho, akalitazama kutoka Walthamstow mpaka katikati ya mji bila kugeuza ukurasa.

Darasani walikuwa kumi na wanane, na kumi na saba kati yao angeliweza kuwazaa. Mhadhiri mwenyewe alikuwa kijana anayevaa kaptula. Siku ya kwanza Time alipoingia, mwanafunzi mmoja alimpa kikombe chake kitupu cha kahawa akitabasamu, akidhani ndiye mama wa usafi. Na Time, kwa mazoea ya kazi, akakipokea, akaenda kukitupa, akamwambia na asante. Alipokuja kukaa kiti cha mbele na kutoa kalamu, yule kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Time alimhurumia zaidi kuliko alivyojihurumia mwenyewe.

Hesabu za kawaida alizipenda tangu utotoni. Unaitafuta namba, unaipata, unaipigia mistari miwili chini, unakwenda zako. Hii ya difarensho haitaki namba. Hii inakueleza kitu kinavyobadilika, kwa kasi gani, halafu inakuuliza: haya, kitu chenyewe ni kipi? Ni sawa na mtu akwambie mwizi alikuwa anakimbia mbio sana, umtajie jina lake. Wenzake walikuwa wanaandika harakaharaka. Time alikuwa ananakili kila alama iliyo ubaoni kwa hati nzuri sana, na hakuna hata moja aliyoielewa. Ndivyo alivyofeli mara ya kwanza. Harith, mumewe, alisema ni jicho la watu, lile la siku ya halwa. Time alijua si jicho. Muhula mzima alikuwa akifungua kitabu hicho ukurasa wa kwanza, anaona usingizi, anakwenda kupika. Jicho la nani litamfuata mtu mpaka jikoni kwake?

Jirani yake darasani alikuwa msichana wa miaka ishirini jina lake Tejal, Mhindi wa Rayners Lane, magharibi ya London, ambaye naye anarudia. Huyo alikuwa na moyo mzuri, alimweleza jambo mara tatu bila kukunja uso. Ijumaa ile Time alikuja na chupa ya moto yenye supu ya Bi Zuwena, maana kumwaga chakula hawezi, na nyumbani sufuria bado limejaa. Wakati wa mapumziko akamkaribisha.

"Asante, sili nyama," Tejal akasema kwa Kiingereza.

Time akadhani ni mambo ya vijana wa siku hizi, leo hawali nyama, kesho hawali ngano. Akainywa supu yake peke yake kwenye ngazi. Ilikuwa na chumvi ya kuamsha maiti.

Jioni simu ikalia. "Mgonjwa vipi?" Bi Zuwena aliuliza.

"Alhamdulillahi. Kainywa yote."

"Yote?"

"Kalamba na bakuli, Bi Zuwena. Kasema tangu atoke Unguja hajapata supu kama hiyo."

Kumbe maneno hayo ndiyo aliyojichimbia shimo. Jumatatu sufuria la pili likafika, kubwa kuliko la kwanza. Alhamisi la tatu. Kwenye kundi la WhatsApp Bi Zuwena akaandika kwamba kuna bibi wa kwetu mgonjwa, hana mtu, anaangaliwa na Time, Mungu amlipe, na kila mwenye nafasi amwombee. Dua zikamiminika. Mama mwingine, wa Leyton, akaleta uji wa ufuta. Time alisoma zile amina arubaini na kitu akiwa chooni chuoni, akajiona mtu mbaya kuliko wote London, kisha akarudi darasani, akafika amechelewa.

Nyumbani, aliyeneemeka ni Harith. Anaendesha basi zamu ya asubuhi; akirudi anakuta supu, uji na mkate wa mofa.

"Ewe mke wangu," akasema Jumapili mchana huku anafyonza mfupa, "huyo mgonjwa wako asipone haraka."

"Harith, mimi nalia, wewe wafyonza mifupa."

"Sasa nilie na njaa?"

Hayat, binti yao wa miaka kumi na sita, anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake hakina huruma. "Mama," akasema, "unamdanganya bibi mzee ili usionekane umefeli mtihani. Mimi ningefanya hivyo ungeninyang'anya simu."

"Ningekunyang'anya na chaja," Time akakubali.

Mchana huohuo ndipo alipoelewa. Alikuwa amebakiwa na zoezi moja asilolijua kichwa wala miguu, la kitu cha moto kinachopoa ndani ya chumba. Alilisoma mara sita. Mwisho kwa hasira akapasha moto supu, akamimina bakuli, akatumbukiza kile kipimajoto chake cha kupimia nyama. Digrii tisini. Jikoni kwenyewe digrii ishirini na mbili. Akakaa na saa mbele yake.

"Sasa supu nayo inaumwa?" Hayat akauliza mlangoni.

"Nyamaza, n'nasoma."

Baada ya dakika kumi, sabini. Baada ya kumi nyingine, hamsini na sita. Time akazitazama namba hizo. Kwanza imeshuka ishirini, halafu kumi na nne tu, na dakika ni zilezile. Ilipokuwa moto sana ilikuwa na pupa ya kupoa; kadiri inavyolikaribia joto la jikoni, ndivyo inavyojivuta. Kasi yake inatoka kwenye ile tofauti, supu na chumba. Basi! Hivyo ndivyo mlinganyo ulivyokuwa unasema siku zote, na yeye alikuwa anaunakili kwa hati nzuri! Akaandika mistari minne, akatafuta itakuwa digrii ngapi baada ya nusu saa, akapata arubaini na sita. Dakika ya thelathini akachungulia kipimajoto. Arubaini na sita.

Alipiga ukelele Harith akaja mbio na taulo. "Nini? Umeungua?"

"Imekubali! Harith, imekubali!"

"Nini?"

"Supu!"

Harith akamtazama mkewe, akaitazama supu, akasema Mungu amsaidie, akarudi kuoga.

Furaha haikudumu hata siku mbili. Jumanne Bi Zuwena akapiga simu: Jumamosi, yeye na wenzake wawili watakwenda kumtazama mgonjwa. Mtihani wa Time ulikuwa Jumatatu yake.

"Mbali, Bi Zuwena, mtachoka..."

"Mgonjwa wa kwetu wiki ya tatu hii hatujamtazama, tutasema nini mbele ya Mungu? Wapi?"

Na Time, ambaye muda huo alikuwa amekaa maktaba mkabala na Tejal, akamtazama yule msichana, ulimi ukamponyoka tena: "Rayners Lane."

Alipokata simu alimweleza Tejal yote, tangu bilingani mpaka amina. Tejal alicheka mpaka mtu wa maktaba akaja. Kisha akasema anaye bibi yake, jina lake Usha, ana miaka themanini na nne, amezaliwa Zanzibar, Kiswahili anacho na hana wa kuzungumza naye, mchana kutwa yupo peke yake na televisheni. Wageni atawapenda sana.

Tejal akampigia hapohapo, akampa Time simu. Sauti ya bibi ilikuwa ya Mji Mkongwe hasa. "Mie n'lale kitandani mchana, watu wan'tazame kama maiti? Hapana, mwanangu. N'takaa kwenye kiti. Lakini blangeti n'taweka magotini, kwa ajili yako."

Time akashukuru, akashukuru tena. Kuuliza jambo la maana zaidi ya yote, hakuuliza. Alikuwa anafikiria mtihani.

Jumamosi walifika saa nane, jua kali, Bi Zuwena mbele na sufuria limefungwa kwenye kanga, wenzake nyuma na matunda. Walivua viatu mlangoni. Bibi Usha alikuwa kitini, sari nyeupe, blangeti zito magotini, na jasho linamtoka.

"Masikini, homa hiyo," mmoja wa kina mama akanong'ona.

"Pole, bibi," Bi Zuwena akasema, akaushika mkono wake. "Kwenu wapi Unguja?"

"Hurumzi."

"Hurumzi! Mie Malindi!"

Basi, ikawa imekwisha. Wakaanza kutajiana nyumba, mabaraza, maduka, nani aliuza nini, nani alimwoa nani akamwacha. Bibi Usha macho yalimng'aa, blangeti likaanguka, hakuliokota. Time na Tejal walikuwa wamesimama karibu na pazia. Time akaanza kupumua. Akajiambia, mwanamke wewe una bahati usiyoistahiki.

"Haya," Bi Zuwena akasema, akafungua kanga, akafunua sufuria, harufu ikajaa chumba. "Na supu yako hii."

Bibi Usha akachungulia. "Supu ya nini?"

"Ya mbuzi! Si ile ile yako? Sufuria la tano hili. Time kila siku anatwambia umelamba na bakuli."

Bibi Usha alimtazama Time. Alikuwa ameahidi kukaa kitini na kuweka blangeti. Hilo jingine halikuwamo. "Mimi Baniani, bibi," akasema taratibu. "Nyama haijaingia kinywani mwangu tangu n'zaliwe. Wala mama yangu. Wala bibi yangu."

Tejal akatazama dari. Ndipo Time akakumbuka chupa ya moto kwenye ngazi, na yule msichana anasema sili nyama, na yeye anafikiria mambo ya ngano. Miaka yote ya Unguja, watoto wote wa Kibaniani aliosoma nao, na hajalikumbuka jambo analolijua hata paka wa soko la Darajani!

"Hakuna mgonjwa," akasema. "Bibi Usha mzima, mnisamehe. N'lifeli. Ile siku ya halwa n'likuwa n'shafeli, sijui tu. Asubuhi nakwenda chuoni, narudia somo. Mtihani keshokutwa. N'liona haya kukwambieni."

Bi Zuwena alifunika sufuria lake, akalifunga kanga fundo mbili, akalitoa nje kabisa, akaliweka pembeni ya viatu. Aliporudi alimwambia Bibi Usha, "Tusamehe, tumekuletea nyumbani kwako usichokila. Hatukuambiwa."

"Kaeni," Bibi Usha akasema. "Msende. Tejal, weka chai, tangawizi nyingi."

Wakakaa mpaka alasiri, wakacheka, wakala chapati na viazi. Time walimmiminia chai, hawakumsemesha. Aliiona kila chapati inavyopita mbele yake, hakuchukua hata moja.

Kurudi, Bi Zuwena alimkabidhi sufuria. Time akalipakata kwenye treni kutoka Rayners Lane hadi Finsbury Park, safari ndefu, watu wanageuka kutafuta harufu inatoka wapi. Walipobadilisha treni na kukaa, ndipo Bi Zuwena aliposema, bila kumtazama.

"Supu yangu akinywa nani?"

"Mimi. Na Harith."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Mie naamka alfajiri, naosha mifupa, na magoti haya mabovu, najiambia mgonjwa hana mtu." Time akatamani treni isimame ashuke popote. "Enhe. Ilikuwaje?"

Uwongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na viatu. Time akaumeza.

"Chumvi ilizidi."

Bi Zuwena akageuka mzima mzima. "Tangu lini?"

"Tangu sufuria la kwanza."

Wale kina mama wawili wakatazama matangazo ya ukutani kwa bidii. Bi Zuwena akaurekebisha mtandio wake. Kisha akasema: "Watu wameomba dua kwa jina la mgonjwa. Hawa hawatasema kitu, wala mie. Utasema mwenyewe."

"N'tasema matokeo yakitoka."

"Na ukifeli?"

"N'tasema vilevile."

"Haya. Na yule bibi hana wa kuzungumza naye, nimemwona. Ulimsingizia ugonjwa, sasa wako. Kila Jumamosi utakwenda kumtazama. Na usimpelekee nyama!"

Mtihani ulikuwa na maswali matano. La pili lilihusu springi na vizito, Time akaliruka kama dimbwi. La tatu alijaribu, akakata, akajaribu, akakata. La nne lilikuwa chai inapoa ndani ya chumba. Alilitazama, machozi yakamjia. Akaliandika kutoka mwanzo hadi mwisho, akabadilisha tu supu kuwa chai, akapiga mistari miwili chini. Yaliyobaki aliandika alichokiweza, na alichokiweza hakikuwa kingi.

Matokeo yalimkuta Jumamosi ya pili huko Rayners Lane, amekaa na Bibi Usha wanamenya kunde, kunde alizozinunua mwenyewe sokoni. Simu ikatetemeka. Alifungua, akasoma, akafunga, akafungua tena, ahakikishe.

"Vipi?" Bibi Usha akauliza.

"N'mepasi, bibi." Akalia palepale, mikono imejaa maganda, na Bibi Usha akampigapiga goti. Mwalimu. Septemba, kama walivyosema wao siku ya halwa. Alimpigia Harith, akapiga kelele ya kupasua sikio. Hayat akasema, safi Mama, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akalisema kwa Kiswahili.

Lakini ahadi ilikuwapo. Time akajifuta mikono, akafungua lile kundi la kina mama. Vidole vilikuwa vizito kuliko siku ya mtihani. Aliandika: *Asalam alaykum. Yule mgonjwa mliyemwombea hakuwapo. Nilifeli somo moja, nikaona haya, nikadanganya. Supu na uji nimekula mimi na mume wangu. Nimerudia mtihani, nimepata arubaini na moja. Nisameheni.* Akatuma kabla ulimi wake haujaingilia.

Time aliiweka simu kifudifudi juu ya maganda, akaigeuza, akaiweka tena. Kisha ikaingia sauti iliyorekodiwa ya Bi Zuwena, akaifungua, na Bibi Usha akasogeza sikio.

"Arubaini na moja?" ilisema ile sauti. "Kati ya mia? Na supu yangu yote ile?"